Yustina na Baridi ya Watu Wengine

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Msichana wa miaka kumi na mitatu alisimama juani ufukweni Kasekwa, amevaa mpira mweusi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai. Ulimtazama. Ukamwambia jirani yako, "Yule mtoto kapendeza kweli." Kisha ukageuza macho, ukaanza kuchungulia barabarani kama gari la mgeni rasmi linakuja.

Na kama hukuwepo Kasekwa, ulikuwepo kwingine. Ulikuwepo kwenye uwanja wa shule siku watoto walipopangwa mstari tangu asubuhi, mmoja akaanguka kama gunia, nyie mkasema hakunywa chai. Mwaka uliofuata akaanguka mwingine, mkasema ana mapepo. Kuna watu hatusahau. Sasa kaa usome mpaka mwisho.

Mambo yalianzia Mpanda mjini, siku ya kawaida kabisa. Kila Jumamosi Yustina aliamka, akafagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akachukua chupa ya chai na kumfuata mama yake sokoni. Mama Yustina aliuza mitumba. Siku ya kufungua belo ilikuwa siku ya roho juu, kwa sababu belo halifunguliwi kwanza ukachagua. Unanunua limefungwa, unakata kamba, unakutana na ulichopewa. Mara nguo nzuri za watoto, mara soksi zisizo na wenzao.

Siku hiyo, katikati ya masweta, kilitoka kitu ambacho hakuna aliyejua jina lake. Lilikuwa vazi zima la mpira, jeusi, zito, lenye mikono mirefu, miguu mirefu na zipu mgongoni. Kifuani lilikuwa na alama ya nne na tatu, katikati kistari cha mshazari.

"Nne kwa tatu," alisoma Telesphor, kijana wa bodaboda aliyeegesha pikipiki yake jirani na meza yao. "Mama Yustina, hiyo mechi alishinda nani?"

"Uliza vizuri, uuziwe," Mama Yustina alimjibu bila kucheka.

"Nilivae mimi? Abiria wakiniona alfajiri na hilo dude watakimbia wakidhani nimetoka kaburini!"

Kila mtu alicheka, isipokuwa Yustina. Yeye alikuwa amelishika lile vazi, analivuta, analinusa, linanukia tairi jipya. Miguu haikutulia. Likizo ya Juni ilikuwa imekaribia, na likizo maana yake ni kwenda kwa bibi Kasekwa, kando ya Ziwa Tanganyika. Kiangazi upepo wa kusini huliamsha ziwa. Mawimbi huja yamepangana, na wavulana wa Kasekwa hulala juu ya vibao vya mitumbwi iliyokufa, wakayapokea na kuteleza nayo hadi mchangani. Mchezo huo wanauita kudandia, kama mtu anavyodandia gari linalotembea. Mwaka jana Yustina aliutazama mchezo huo likizo nzima akiwa ameshika ndoo.

"Mama, hili vazi la majini," alisema. "Niliona kwenye simu ya Telesphor. Wazungu wanavaa wakidandia mawimbi ya bahari."

Mama Yustina aliligeuza mara mbili. Alikuwa mtu wa Kabungu, amekulia shambani, na kitu alichokiogopa kuliko vyote juu ya ziwa kilikuwa baridi. Kila Yustina alipoaga, alimfungashia masweta. Aliamini mtoto akikaa majini, kifua kinajaa na nimonia inaingia.

"Ni zito," alisema, na uso wake ukalainika. "Angalau hili litakuzuia baridi. Haya, chukua."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa kwa upendo. Hakuna aliyeuliza lile vazi lilishonwa kwa ajili ya maji ya wapi.

*

Kasekwa wasichana hawakukatazwa kudandia. Hakuna aliyewahi kutamka neno hilo. Waliambiwa tu wavae kwa heshima. Ukiuliza nguo ya heshima majini ni ipi, hupati jibu. Ukiingia na gauni, linapanda hadi kiunoni, unaitwa huna adabu. Ukilifunga miguuni, linakuzamisha. Ukivaa bukta, umejifanya mvulana. Kwa hiyo wasichana walibaki nchi kavu, na wazee wakasema, "Wenyewe hawapendi."

Mwaka huo kijiji kiliandaa bonanza la likizo: mpira wa miguu, kuvuta kamba, na kudandia. Yustina alipofika tu, alimkimbilia rafiki yake Sikujua. Familia ya Sikujua ilikuja na ng'ombe kutoka kaskazini kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye maneno machache, na alijua kuogelea kuliko mtu yeyote wa rika lake. Alijifunzia huko ng'ombe wanakonyweshwa, mbali na macho ya watu.

"Nimepata nguo," Yustina alimwambia, akilifungua vazi kitandani kwa bibi.

Sikujua alilibonyeza kwa kidole. "Hii ni ngozi ya kiboko."

"Linafunika kila kitu. Hawana la kusema."

Na kweli hawakuwa nalo. Mzee Gervas, mwenyekiti wa kamati ya bonanza, alimzunguka Yustina akiwa amelivaa, akatafuta mahali pa kulalamikia, akakosa.

"Limembana," alisema.

"Lakini ngozi haionekani, Mzee," alijibu bibi yake Yustina.

"Haya. Aingie mmoja, kwa majaribio. Mambo yakienda vizuri, mwakani tutawafikiria wengine. Yakienda vibaya, Bibi Yustina, suala la wasichana tunalifunga. Tusije tukasumbuana tena."

Sikujua alikuwa amesimama mlangoni na alisikia. Usiku ule hakumwuliza Yustina chochote. Asubuhi alikuja tu na kusema, "Usianguke. Ukianguka, umetuangusha wote."

Kelvin, binamu yake Yustina na bingwa wa kudandia, alikuwa na maneno yake pia. "Mtoto wa Mpanda mjini! Unaogopa maji mpaka unajifunga tairi? Utaomba kutoka kabla hujaloa."

"Tutaona nani ataomba," Yustina alimjibu.

*

Ratiba ilisema wavulana na msichana mmoja waingie majini saa tatu asubuhi. Saa tatu mgeni rasmi hakuwepo. Kamati ikaagiza wachezaji wavae, wapange mstari mbele ya meza kuu, ili mgeni akifika awakute tayari. Watu wa nchi hii tunaujua mstari huo. Meza kuu ina kitambaa cheupe, maua ya plastiki na maji ya chupa ambayo haruhusiwi kuyagusa mtu. Mstari hauna kivuli.

Saa nne. Spika zinapiga muziki. Upepo unapeperusha mchanga. Saa tano, mshereheshaji anatangaza kwamba mgeni yuko njiani. Wavulana walikuwa na bukta tu. Waliruka ruka, walichuchumaa, Kelvin alichota maji ya ziwa kwa kofia akajimwagia. Yustina hakuweza kuchuchumaa vizuri, mpira ulimbana magotini. Jua lilimpiga kifuani, na jeusi lile likalinywa lote.

Kwanza jasho lilitiririka mgongoni, likakosa pa kutokea. Likajaa kwenye vifundo vya mikono na vya miguu. Kisha kichwa kikaanza kugonga. Akatamani kutapika. Mchanga ukawa unapanda na kushuka kana kwamba nao ni mawimbi.

Sikujua alipenya kati ya watu akamjia. "Vua hilo dude. Uso wako umebadilika."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Vua hadi kiunoni, au twende ukaloe kidogo."

"Wataniona! Mzee Gervas ananiangalia. Si ulisema nisianguke?" Ulimi wake ulikuwa mzito. "Nimekwambia niko sawa. Niache."

Alikuwa anadanganya na alijua anadanganya. Bibi yake alipomwuliza kwa ishara kutoka mbali, aliinua kidole gumba. Nesi Josephina wa zahanati, aliyekuwa akipita na boksi lake la huduma ya kwanza, alimwuliza, "Mama, unajisikiaje?" Yustina akatabasamu na kusema, "Vizuri, Nesi." Nesi alisita, akataka kumshika paji la uso, lakini akaitwa kwa mchezaji wa kuvuta kamba aliyechunika viganja. Akaenda.

Hatimaye kamati ilichoka yenyewe. "Waanze tu," Mzee Gervas alisema. "Mgeni akifika tutarudia."

Wachezaji wakakimbilia ziwani. Yustina naye alikimbia, kama alivyodhani, ingawa watu wanasema alitembea akiyumba. Maji yalimfika kifuani, yakampiga usoni, na kwa sekunde chache alipata nafuu. Akalaza kifua juu ya kibao. Wimbi likaja nyuma yake, refu, la kijani. Akasikia linamwinua. Akasikia wasichana wote wa Kasekwa wakipiga kelele ufukweni. Halafu hakusikia kitu.

Mikono iliachia kibao. Mpira ule huelea, haukumwacha azame, lakini ulimwelesha kifudifudi, uso ndani ya maji. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mtindo wa mjini.

Sikujua peke yake hakupiga makofi. Aliingia ziwani na gauni lake refu. Hatua chache tu, gauni likamzunguka miguuni kama kamba ya ng'ombe, akaanguka, akanywa maji, akainuka. Hapo alifanya jambo ambalo Kasekwa ililizungumza mwezi mzima. Alishika gauni kwa mikono miwili akalivua juu ya kichwa, akalitupa. Ndani alikuwa amevaa jezi ya kaka yake, ya mikono mirefu, na bukta. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, endapo nafasi ya kudandia ingetokea.

Alipiga mbizi. Alimfikia Yustina kabla ya wavulana wote, akamgeuza uso juu, akamshika chini ya kidevu. Kelvin alifika na kibao chake, amepauka, maneno yote yamemwisha. "Mlaze hapa, mlaze hapa," alikuwa akisema. Wakamsukuma hadi mchangani.

Nesi Josephina alimshika Yustina shingoni. Ngozi ilikuwa inaunguza, ingawa mtoto ametoka majini sasa hivi. Alivuta zipu ya mgongoni, imejaa mchanga, haisogei.

"Kisu!"

"Nesi, hapa mbele ya watu?" Mzee Gervas alisema. "Ni mtoto wa kike huyu."

"Mzee, aibu itaisha kesho. Huyu anaweza kuisha sasa hivi. Kisu!"

Bibi ndiye aliyemfikishia kisu. Kina mama wakasimama duara wakanyoosha kanga zao. Nesi alikata mpira kuanzia shingoni hadi kiunoni, na jasho likamwagika kama maji ya mtungi uliopasuka. Kisha alimbeba kwa msaada wa Kelvin moja kwa moja hadi chini ya turubai. Akaondoa viti vya wageni. Akaondoa maua. Chupa za maji zilizokuwa haziguswi akazifungua zote, akazimwaga kichwani, kwapani na mapajani kwa mtoto, na kitambaa cheupe cha meza kuu akakiloweka, akamfunika nacho, akawaambia wasichana wampepee kwa karatasi za ratiba. Yustina alikohoa. Akatapika maji. Akafungua macho.

"Nimeanguka?" aliuliza.

Sikujua, aliyekuwa akitetemeka kwa upepo, jezi imeloa mwilini, alimjibu, "Umeanguka. Lala."

*

Jioni kamati ilikaa uwanjani kwa bibi. Mgeni rasmi alikuwa amekuja jua likishuka, akasoma hotuba kuhusu kumjali mtoto wa kike, akaondoka. Mzee Gervas hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ametishika, na mtu mzima akitishika hukimbilia kukataza.

"Tulisema tangu mwanzo," alianza. "Mambo yakienda vibaya, tunafunga. Maji yana baridi, mwili wa msichana hauwezi. Na huyu mwingine amevua gauni hadharani."

Sikujua aliangalia chini. Yustina alikuwa amelazwa kwenye mkeka, ameshanyweshwa maji ya chumvi na sukari. Alijua kwamba akinyamaza, watasema ziwa ndilo lililomwangusha. Akijieleza, Kelvin na kijiji kizima watajua alivyodanganya. Alijiinua kwa kiwiko.

"Shikamoo, Mzee Gervas."

"Marahaba. Lala, mjukuu wangu."

"Sio maji, Mzee. Nilianza kuumwa tukiwa kwenye mstari, kabla hata sijaloa. Sikujua aliniambia nivue, nikakataa. Bibi akaniuliza, nikamdanganya. Nesi naye nikamdanganya. Niliogopa mtasema wasichana hatuwezi." Machozi yakamtoka. "Msiwafungie wenzangu. Mimi ndiye niliyekosea."

"Hukukosea peke yako," alisema Nesi Josephina.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameliweka mapajani lile vazi lililochanwa. Mfukoni alikuwa na kipimajoto cha jokofu la chanjo la zahanati. Alikuwa ameshakitumbukiza ziwani kabla ya kuja.

"Ziwa letu leo ni nyuzi ishirini na sita," alisema. "Mwili wa mtu ni thelathini na saba. Yustina nilipompima alikuwa amepita arobaini. Sasa niambieni, Mzee, maji ya ishirini na sita yanampandishaje mtoto hadi arobaini?"

Aliliinua lile vazi, akaonyesha alama ya kifuani.

"Hii nne na tatu ni unene. Nimetafuta kwenye simu. Milimita nne kifuani, tatu mikononi na miguuni. Mpira huu hushika maji kidogo kati yake na ngozi, mwili ukayapasha, mtu asigande. Ni nguo ya kule ambako bahari ni nyuzi kumi na kitu, ukiingia na bukta unakufa kwa baridi. Hapa kwetu, hata bahari ya Tanga au Mafia haishuki chini ya ishirini na nne, ishirini na tano. Mtoto huyu mmemvika baridi ya watu wengine, kisha mkamsimamisha kwenye jua letu. Jasho likakosa pa kwenda. Mimi niliwahi kuvaa nguo za plastiki wakati wa mlipuko wa ugonjwa. Tulikuwa tunavuliwa haraka, na bado wenzangu walianguka. Na sisi tulikuwa watu wazima, kivulini."

"Kwa hiyo waingie uchi?" Mzee Gervas aliuliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nani kasema uchi? Maji ya hapa hayana shida ya baridi, yana shida nyingine. Jua linapiga kutoka juu na linarudi tena kutoka kwenye maji, linachoma mabega. Kibao kinachuna tumbo. Upepo unampuliza aliyeloa akitoka. Mkinge hayo. Jezi nyepesi ya mikono mirefu, inayobana kidogo isivutwe na maji. Taiti au bukta inayofika magotini. Sio gauni, sio sweta, hivyo vikiloa ni mawe. Akitoka, avue nguo iliyoloa, ajifunge kanga kavu. Na maji ya kunywa, na kivuli wakati wa kusubiri." Alimgeukia Sikujua. "Kati yetu sote, aliyekuwa amevaa sawasawa kwa ziwa hili alikuwa huyu. Ndiyo maana Yustina yuko hai."

Bibi alimgeukia mwenyekiti. "Gervas, heshima uliyoitaka ilikaribia kumzika mjukuu wangu. Sasa tuambie kwa mdomo wako. Jezi na taiti ni heshima, au sio?"

Mzee Gervas aliangalia lile vazi. Akamwangalia Sikujua. "Ni heshima," alisema.

"Kwa wote?"

"Kwa wote. Na... na hakuna mtoto kusimama juani kumsubiri mtu. Mgeni akichelewa, atakuta tumeanza."

Kelvin alikohoa nyuma ya mlango. "Sikujua," alisema, "kibao changu kile kizuri... kesho unaweza kukitumia."

"Nitakitumia," alisema Sikujua. "Wewe utashika ndoo."

Mama Yustina alipopigiwa simu alilia, kisha siku ya pili akatuma na basi furushi la jezi za mikono mirefu na taiti za kila rangi. Kabla likizo haijaisha, wasichana wa Kasekwa waliingia ziwani upande ule wa wazi ambako mamba hawafiki na watu wazima wawili wanasimama kuangalia. Yustina alipewa ruhusa na Nesi siku ya mwisho. Alidandia wimbi dogo tu, akateleza hadi mchangani, akaanza kupiga kelele kabla hajasimama.

Nesi alimfunika kanga kavu. "Unajisikiaje?"

Yustina alifungua mdomo aseme vizuri, akajizuia. "Bega linauma kidogo, Nesi. Na nina kiu."

"Hivyo ndivyo," alisema Nesi. "Nguo nzuri ni ile inayojua ulipo na unachokifanya. Lakini hata nguo nzuri haitaweza kusema kwa niaba yako. Ukiumwa, sema. Sema mapema, sema kwa mtu mzima, na asiposikia, sema kwa mwingine."

Kasekwa imejifunza. Wewe je? Kesho kuna mstari mwingine juani, na mtoto mwingine amevalishwa sweta la shule kwa sababu mgeni anakuja. Inuka kwenye kiti chako sasa. Mguse paji la uso. Mvue alichovikwa bure, mpe maji ya meza kuu, msogeze kivulini, na usimwombe mtu ruhusa. Nenda. Usimalize kwanza soda yako.